Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Mdogo Wangu

Nilisoma mpaka darasa la nne kule kwetu Fizi, basi. Vita haviulizi mtu amefika darasa gani. Lakini leo hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, ukiuliza nani anaijua Biblia, hata wachungaji wenye diploma watakuonyesha banda langu la cherehani. Nimeimaliza mara tatu kwa Kiswahili. Ya Kifaransa nilikwenda nayo polepole, kwa kichwa kigumu, mpaka ikakubali. Mashine yangu ya kwanza niliipata kwa kubeba matofali, na sasa kwaya zote zenye jina humu kambini zinavaa kazi ya mkono wangu. Ukiona kwenye simu yako Wakongo wanaimba wamevaa sare za rangi ya dhahabu, tazama kola. Kola ile ni yangu, hakuna mwingine anayeikata vile.

Mdogo wangu, binti wa mama yetu, alifika kambini nyuma yangu. Mume hakuwa naye, na mgongoni hakuwa na yule mtoto niliyekuwa nimesikia amezaa. Alinisimulia mara moja tu. Walikimbia usiku, akateleza kwenye mteremko, akaangukia mawe pamoja na mtoto. Nilikuwa nakata kitambaa wakati anasema. Sikusimamisha mkasi, kwa sababu nilijua nikisimama naye atasimama.

Hakulia. Aliingia kwaya, akaimba, sauti kama hiyo hamjaisikia. Siku moja akaja bandani akakaa kwenye gunia la vipande. Ananiita yaya, kama kwetu tunavyoita wakubwa, na watu anawaita bantu.

"Yaya, unisomee zaburi ya bantu benye kufukuzwa."

Nikamsomea ile ya mito ya Babeli. Wahubiri wengi husoma mpaka vinubi vimetundikwa kwenye miti, mpaka lile swali la kuimba katika nchi ya wageni, halafu wanafunga kitabu na kuomba sadaka. Mimi sifungi. Nilisoma mpaka chini kabisa, pale watu wale wanapotamani watoto wachanga wa adui wapondwe kwenye mwamba.

Akainua kichwa. "Hiyo iko mu Biblia?"

"Iko."

"Na Mungu aliacha baiandike?"

"Aliacha."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu afike Malawi.

Kutokana na kilio kile akatunga wimbo wa beti tatu. Wa kwanza ulikuwa wa ziwa letu na mto Ruzizi. Wa pili, wa wanaotuambia tuimbe. Katika wa tatu hakuomba mtoto wa mtu yeyote afe. Alimwambia Mungu tu kwamba jiwe bado liko pale, na wewe ulikuwa pale, na mimi nangoja unieleze. Nimesikia mahubiri mengi na mengine nimehubiri mwenyewe, na watu walipenda sana. Sijasikia mtu akiielewa zaburi ile kama yeye. Kwaya ilipouimba kanisani hakuna aliyepiga makofi. Watu walibaki wameketi, na akina mama wa Uvira walishika vichwa.

Kisha kwaya ikaamua kutengeneza klipu, video ya wimbo. Siku hizi kwaya isiyo na klipu ni kama haipo. Studio ilikuwa mtaa wa Area 36, mle Lilongwe, na mwenye studio alikuwa kijana wa Bukavu, mpole, aliyesoma. Nilikwenda nao kama mshonaji na, tuseme ukweli, kama mwalimu wao wa Maandiko. Kijana alisikiliza wimbo wote amefumba macho. Alipofumbua akamwambia mdogo wangu:

"Mama, sauti iko muzuri sana. Lakini ubeti wa tatu tutautoa."

Nikamuuliza sababu.

"Papa, bantu banaangaliaka klipu wakati banakula."

Wanakwaya wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimshushia Ayubu, nikamshushia Yeremia na Maombolezo yake, nikamkumbusha kwamba hata Yesu msalabani aliuliza swali na hakujibiwa. Nikamwambia kulalamika kumejaa Biblia nzima, lakini ninyi watu wa video mnaikamua mnabakiza sukari. Nilisema vizuri. Hata mpiga gitaa aliacha kukaza nyuzi.

Kijana akangoja nimalize.

"Papa, mi nilisoma teolojia kabla ya kukimbia. Hiyo zaburi naijua mupaka mwisho. Lakini kilio bantu beko nacho mu nyumba, bure. Klipu ndio ya kuonyesha bandugu wa Amerika kama tuko wazima."

Jibu lake mpaka leo nalitafuta.

Kiongozi wa kwaya akamgeukia mdogo wangu. "Dada, wimbo ni wako. Sema we."

Wote walikuwa wamevaa sare tayari, wamepaka mafuta usoni, wamesimama wanamtazama. Akanitazama mimi. Nilijua atakataa. Nilikuwa nimeshaanza kujivuna moyoni kwa ajili yake.

"Muutoe," akasema.

Mahali pa ubeti wa tatu waliweka sebene, lile gitaa la mbio la kuchezesha viuno. Picha wakaenda kupigia mbele ya nyumba ya tajiri mmoja, yenye majani yaliyokatwa na geti jeusi. Mlinzi alituruhusu mpaka kwenye ngazi, mlangoni hapana.

"Tabasamu, mama," mpiga video alikuwa akiita. "Uko mu nyumba yako."

Akatabasamu.

Klipu ilikwenda mbali. Nimeikuta kwa vinyozi wa mtaa wa Chinsapo, nimeikuta mtaa wa Mtandire kwenye duka la Mmalawi asiyejua neno moja la Kiswahili, anatikisa kichwa. "Zikomo, bambo," aliniambia nilipomwonyesha kola yangu, yaani asante bwana. Nilitembea pale nikifikiri: wale mateka wa Babeli waliombwa kuimba na waliowateka. Sisi nani alitulazimisha?

Mwezi uliopita klipu ilipigwa kwenye harusi hapa kambini. Sebene ilipoanza watu wote waliinuka, bibi harusi mbele. Mdogo wangu alikuwa anagawa soda. Mabega yake yalicheza kidogo na trei mkononi, bila yeye kutaka.

Kesho yake nikamwambia, "Niimbie ule wa tatu. Sisi wawili tu."

Akaanza. Akasimama. Akaanza tena kutoka wa pili, ili ashike njia, na pale pale akapotea.

"Umekwenda, yaya. Nikiutafuta nasikia gitaa tu."

Maneno yake ninayo yote, kichwa changu hakitupi kitu. Lakini sauti ilikuwa kwake peke yake, na kwaya haikuirekodi popote. Nilifungua zaburi, nikasoma polepole mpaka chini kabisa, mpaka mwamba. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za kijiji asichokijua. Nilipofunga akaniuliza kama sare za Jumamosi zimeshawekwa vifungo. Nikamwambia bado. Akavuta kiti, akatia uzi kwenye sindano.