Kuketi Kati ya Mama na Injini

Mama yangu hakumtaka mume wangu, na sababu ilikuwa mashua. Si kwamba alimchukia, alimwona tu mtu wa mchezo. Mwanaume mzima, fundi wa injini katika kiwanda cha pamba pale Homa Bay, anaacha kununua ng'ombe ananunua mashua ya Mzungu aliyekuwa anarudi kwao baada ya Uhuru. "Ng'ombe anazaa," mama aliniambia. "Hiyo mashine yake itazaa nini? Mwambie auze." Kila nilipomtembelea nilirudi na ujumbe huo huo, na kila mara mume wangu alijibu kwamba amesikia, kisha akachukua brashi na kwenda kuipaka rangi.

Nami niseme ukweli, niliipenda mashua ile kuliko nilivyothubutu kumwambia mama. Ilikuwa ya mbao, nyeupe, yenye mstari wa kijani, mabenchi matatu na injini nyuma. Jumapili jioni tulikwenda polepole kando ya mafunjo, maji yakiwa na joto la mwili, na mume wangu akiisikiliza injini huku ameinamisha kichwa kidogo, kama daktari. Sijapata kuona mtu mwingine anayejua kitu kimoja vizuri namna ile.

Kisha, mvua ndefu zikiwa zimepamba moto, habari ikaja kutoka Karungu, kusini zaidi kando ya ziwa, kwamba dada yake mama amelala hoi na anamwita. Walizaliwa saba, wakabaki wao wawili. Mama akafunga mzigo wake, akaja Homa Bay kutafuta basi, nami nikaenda kumsindikiza stendi.

"Mama, basi imelala Awendo kwa matope," utingo alimwambia. "Huko Uriri ndio mbaya zaidi. Labda Jumatano."

"Jumatano nitamkuta?" mama alimuuliza, na utingo akaangalia viatu vyake.

Nilipomweleza mume wangu, hakufikiri hata kidogo. "Mwambie mama kesho alfajiri nitampeleka kwa maji," alisema. Mama alikuwa amesimama nje ya mlango, hatua tano kutoka pale, na alisikia yote. Lakini alingoja nitoke nimwambie.

Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakiweza hata kivuli cha mmoja hakimgusi mwenzake. Barazani hilo si tatizo, kila mtu ana kona yake. Ndani ya mashua ya mabenchi matatu ni balaa.

Tulipanga hivi: mama akae mbele kabisa, uso kwa ziwa na mgongo kwetu, amejitanda leso. Mume wangu nyuma kwenye injini. Mimi katikati, nikipeleka maneno. "Mwambie mume wako asikimbize." "Mama anaomba usikimbize." "Mwambie mama sijaanza hata kukimbiza." Kabla hatujatoka gatini shingo ilikuwa inaniuma.

Lakini pwani ile, asubuhi ile! Ziwa lilikuwa limelala. Tulipita mkabala na vijiji ambako wanawake walikuwa wanaanika dagaa wa omena, wakatupungia mikono, na mama akapunga pia, akajisahau. Tukapenya mlango wa maji kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga, kisiwa cha Mfangano kikasimama mbele yetu cha buluu, tukageuka kusini chini ya milima ya Gwasi. Milima ile inateremka mpaka majini na kuacha vipande vidogo tu vya mchanga mweupe. Nilimtazama mama mgongoni nikajua naye anatazama, maana hakunituma neno kwa saa nzima.

Mchana mume wangu alituteremsha kwenye mchanga mmoja tule. Yeye alichukua kiazi chake akaenda kula nyuma ya jiwe, mtu mzima na ndevu zake, na mama akatafuna huku amekaza uso asicheke.

Shida ilianza tulipokaribia Karungu. Tangu zile mvua kubwa za karibu na Uhuru, ziwa lilikuwa limepanda na kumeza ukanda mzima wa pwani. Mume wangu aliwajua wavuvi wa Homa Bay na miamba yao, lakini huku alikuwa mgeni. Mama ndiye aliyezaliwa huku. Mahali tulipoelea, yeye alipapita kwa miguu na mtungi kichwani. Kwa hiyo akaanza kusema, bila kugeuka: hapa palikuwa shamba la mtama la baba, pale ni njia ya kisimani. Kisha akasema kwa haraka kitu ambacho injini ilikimeza.

"Umesema nini, mama?"

"Mwambie pale mbele kuna mawe yetu ya kuanikia samaki."

Nami, binti niliyelelewa vizuri, nikageuka kwa adabu zote: "Mama anaomba, kama itawezekana..." Sikumaliza. Mashua iliruka, injini ikapiga kelele ya ajabu na pini ya propela ikakatika.

Tulikaa pale tukisukwa na upepo wa alasiri huku mume wangu akiinua injini na kukata msumari autumie badala ya pini. Niliona mikono ya mama imeshika leso kwa nguvu. Alijua, na sote tulijua, kwamba dada yake yuko nyuma ya rasi iliyokuwa mbele yetu, karibu kiasi cha kusikia ng'ombe wakilia, na kwamba tukigonga mara nyingine tutabaki hapo mpaka kesho. Nilijilaumu mimi na adabu yangu.

Injini ilipowaka tena, mama aliinua mkono wa kulia, akaunyoosha. Nyuma yangu mashua ikageuka kulia. Akaushusha, ikaenda moja kwa moja. Kushoto, kidogo, kidogo tena. Kiganja juu, injini ikapunguza mwendo. Hakumtazama, hakusema naye, hakuvunja mwiko wowote, na mume wangu aliufuata mkono ule kama alivyozoea kuifuata sauti ya injini. Walituvusha hivyo juu ya shamba la mtama na njia ya kisimani mpaka mchangani. Niliwastaajabia wote wawili, na niliona wivu pia, kwa kuwa mimi sikuhitajika.

Dada yake mama alikuwa hai. Alimtambua, akamtania kwamba amezeeka, na kwa siku nne walilala kitanda kimoja wakizungumza habari za watu waliokwisha kufa. Siku ya tano alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Mume wangu, aliyekuwa amerudi kazini, alikuja kutuchukua baada ya mazishi. Barabara ilikuwa bado haijapitika. Tuliketi vilevile, kila mtu mahali pake. Tulipofika Mbita mume wangu alizima injini ili amimine petroli kutoka kwenye debe, na kukawa kimya kabisa, maji tu yakigonga mbao.

"Mwambie mume wako," mama akasema, uso kwa ziwa, "asiiuze hii mashine."

Mume wangu alikuwa amesikia kila neno. Lakini aliweka debe chini, akafuta mikono, akanitazama akingoja nimwambie. Mama naye alikuwa anangoja. Nami nilikuwa nalia, na sauti haikutoka.