Gari la Mwalimu Lililoyumbayumba

Mimi ni fundi wa magari hapa Ukunda, na wiki iliyopita nilijiaibisha mwenyewe. Bi Mwanahamisi, mwalimu mstaafu, aliniletea gari lake la spoti. Kila akipita njia ya mashimo kule Kombani, lilikuwa likiyumba na kutaka kumtupa mtaroni.

Kwa siku mbili nilibadilisha vyuma vya usukani huku nikijisifu, lakini gari likaendelea kuyumba. Hatimaye nikainama, nikaona matairi ya mbele hayalingani: moja pana, jingine jembamba.

Nikapaza sauti ili wateja wote wasikie: "Mwalimu, ni fundi gani kipofu aliyekuvishia matairi haya? Angekuua!"

Akanitazama kwa upole. "Ni wewe, mwanangu. Mwezi uliopita nilikuletea magurudumu kwa teksi, ukayavisha matairi haya bila kuliona gari."