Betri Kubwa ya Bwana Gollop

Athelstan Gollop wa Six Roads, Barbados, ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kwao kununua gari la umeme, na kwa miaka sita hakumruhusu mtu yeyote kulisahau jambo hilo. Ilikuwa vani nyeupe, mtumba kutoka Japani, na kila ilipowashwa sauti ya mwanamke ilisalimu kwa Kijapani. Gollop alikuwa akiijibu.

Kazi ya vani ilikuwa kusambaza mikate ya nazi. Aliyekuna nazi, akakanda, akaoka na kupanga mikate kwenye trei siku sita za juma alikuwa mkewe, Ermine. Gollop alishika usukani. Ukimuuliza shughuli yake atakwambia, "Tuna kampuni ya mikate," na akifika kwenye "tuna" atajigusa kifua.

Jioni alikwenda baa ya ramu kucheza dhumna na kuwaelimisha watu. Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa jirani yake, Vere Blenman, mtu mnene, mpole, mwenye lori kuukuu la dizeli la kubebea mchanga. Kwa miaka sita Vere aliambiwa kwamba lori lake linaitia dunia sumu, linawakohoza watoto na linamwaibisha yeye mwenyewe. Vere alijibu kwamba huenda ni kweli, kisha akateremsha dhumna yake na kushinda.

Tatizo lilikuwa joto. Betri za namna ile hudhoofika kwa joto, na Barbados joto halina likizo. Vile vimstari kumi na viwili vya kwenye dashibodi vinavyoonyesha uzima wa betri vilianza kuzimika kimoja kimoja. Vilipobaki vitano, vani iliyokuwa ikienda kilomita mia moja na ushee kwa chaji moja ilikuwa inajikongoja hamsini, na mzunguko wa mikate ulikuwa sabini.

Mtu mwingine angesema betri imechoka. Gollop alisema ni upepo. Baadaye akasema ni tairi, na baadaye tena akasema ni namna Ermine anavyobamiza mlango. Akazima kiyoyozi. Akazima redio. Akavua viatu ili mguu uisikie pedali vizuri, akawa anaendesha kwa mwendo wa msafara wa mazishi, magari yamejipanga nyuma yake hadi kona ya pili. Mikate ilifika madukani ikiwa imelowa jasho ndani ya mifuko. Siku ambazo Ermine alifuatana naye, wakifika chini ya mlima wa Horse Hill Gollop alimwomba ashuke apande kwa miguu, wapunguze uzito. Ermine alishuka, akapanda na mkoba wake begani, akafika juu kabla ya vani.

Ijumaa moja mwezi wa tatu, kwenye mlima huohuo, taa yenye picha ya kobe iliwaka mbele ya macho ya Gollop. Hivyo ndivyo gari lile linavyomjulisha dereva kwamba nguvu zimekwisha. Vani ikatambaa hatua chache, ikasimama katikati ya kona na trei thelathini ndani. Aliyemkuta hapo ni Vere, na lori lake la mchanga. Vere hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Gollop zaidi. Alifunga kamba, akaivuta vani polepole mpaka Six Roads, na njia nzima moshi mweusi wa dizeli ulikuwa ukiingia kwa dirisha la mtetezi wa hewa safi. Kufikia Jumapili mtaa mzima ulikuwa unaiita vani ile Kobe.

Ermine hakungoja ushauri wa mumewe. Alikwenda kwa Marcia Inniss, fundi wa magari ya umeme, ambaye alikuwa akiimba naye kwaya, akarudi na habari kwamba betri inaweza kung'olewa ikawekwa nyingine kubwa zaidi. Gollop alisema yeye alilijua hilo siku nyingi, ila alikuwa anangoja wakati mwafaka. Wakaenda wote wawili.

Gerejini kulikuwa na betri mbili, zote zimetolewa kwenye magari yaliyopata ajali. Betri ya zamani ya vani, ilipokuwa mpya, ilikuwa ya kilowati-saa ishirini na nne. Moja ya hizi ilikuwa ya arobaini.

"Hii inakutosha na kusaza, mzee," Marcia alisema. "Utazungusha mikate yako mara mbili, na kiyoyozi umewasha."

"Na ile pale?"

"Ile ni ya sitini na mbili. Nzito, halafu nene. Itashuka chini vidole vinne zaidi ya hii uliyonayo. Nitakuwekea springi ngumu, lakini matuta itabidi uyapande kama umebeba mayai."

"Inafika kilomita ngapi?"

"Kama mia tatu."

"Basi hiyohiyo."

Marcia akamtazama Ermine, kisha akamrudia yeye. "Mia tatu kwenda wapi, mzee? Ukitoka hapa kilomita tano tu, unaogelea."

"Mwanamume lazima awe na akiba, binti."

Pesa zilikuwa za Ermine, za upatu wa wanawake wa kanisani, na angeweza kulikata jambo hilo pale pale. Hakulikata. Kichwani mwake alikuwa anafikiria maduka ya Saint Lucy, kule kaskazini kabisa, ambayo yalikuwa yamemwomba mikate kwa miaka miwili, na kila mara Gollop alijibu kwamba kaskazini ni mbali.

Kazi ilichukua siku tisa, na Gollop alihudhuria karibu zote. Alikaa juu ya kreti, akawa anamweleza Marcia kile ambacho Marcia mwenyewe alikuwa anakifanya. Siku ya tatu aliuliza kwa nini nyaya haziungwi tu mambo yakaisha. Marcia akamweleza kwamba betri imetoka kwenye gari jipya zaidi na haisikilizani na vani, kwa hiyo lazima kiwekwe kifaa kidogo katikati cha kuzitafsiria. Gollop akasema ndivyo alivyokuwa anadhani. Siku ya tano Marcia alimtuma Bridgetown, kwa basi, akanunue bolti ambayo hakuwa na haja nayo.

Jumatatu iliyofuata Gollop alipakia trei thelathini, akamwambia mkewe atarudi saa nne, akapitia kwa Vere.

"Panda," alisema. "Leo utaona kwa macho yako."

Vere alidhani ni suala la robo saa. Alipanda na kandambili.

Gollop hakwenda kwenye duka hata moja. Alikuwa ameamua kwamba mikate ibaki garini, asije mtu akasema gari lilikuwa tupu. Walipita Oistins, wakapita Bridgetown, wakafuata pwani hadi Speightstown, wakazunguka Saint Lucy, wakateremka Bathsheba na kurudi kusini, na kila baada ya muda mfupi Gollop alitangaza asilimia kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi. Kisha wakaanza mzunguko wa pili. Walipofika tena Oistins, Vere aliomba chakula, wakasimama wakala samaki wa kukaanga. Gollop alikula amesimama, macho dirishani, yasibanduke kwenye dashibodi. Alikuwa bado peku, na kiyoyozi bado kimezimwa. Vere, ambaye shati lilikuwa limemganda mgongoni, aliuliza kwa adabu kama kimeharibika.

"Kinakula chaji," Gollop alisema.

"Si umesema inakwenda mia tatu?"

"Ndiyo maana inakwenda mia tatu."

Simu ilikuwa ikilia tangu saa tatu asubuhi. Wenye maduka walikuwa wanampigia Ermine, na Ermine anampigia mumewe, na mumewe ameigeuza simu kifudifudi kwenye kiti. Alijua ni Ermine. Alijiambia kwamba mambo makubwa hayaelezeki kwa simu.

Saa tisa alasiri aliingia mtaani kwao akipiga honi. Watu walitoka. Ermine alikuwa amesimama ndani ya uwanja, na aproni yake, mikono amefumbata. Kati yao kulikuwa na mtaro, na juu ya mtaro kidaraja cha zege chenye kibyongo katikati, ambacho Gollop alikuwa amekivuka kila siku kwa miaka sita. Alikivuka sasa kwa mwendo wa jenerali anayerudi kutoka vitani. Chini ya vani kukatoka mkwaruzo mrefu, wa kutia meno ganzi. Vani ikakaa kwa tumbo juu ya zege, tairi za mbele zikizunguka zisipate pa kukamata.

Gollop alitoa kichwa dirishani. "Thelathini na moja zimebaki," alisema kabla hajaulizwa. "Tumezunguka kisiwa mara mbili na zimebaki asilimia thelathini na moja."

"Za kufanyia nini?" Ermine aliuliza.

Kutoka Gollop alipokuwa hadi mlangoni pake ni hatua sita. Vere akafungua mlango wa upande wake, akashuka na kandambili zake, na vani, ilipopunguziwa mzigo huo, ikapumua na kuinuka vidole viwili. Tairi zikakamata, ikaingia yenyewe. Watu walioshuhudia wanakubaliana kwamba hapo ndipo siku ile ilipokuwa tamu kuliko pote.

Marcia aliitwa. Alilala chini ya gari na tochi muda mrefu. Bamba la kukinga betri lilikuwa limechubuka tu, lakini alipoinuka hakuwa na utani.

"Hiyo si sufuria, mama," alisema. "Ikitobolewa inawaka, na nyumba yenu iko hapo."

Alimwambia Ermine. Gollop alisimama kando kama mtoto ambaye mwalimu na mzazi wanazungumza juu ya kichwa chake. Aliitazama mikate, ambayo ilikuwa imeshinda kutwa nzima kwenye joto na isingeweza kuuzwa kwa mtu. Ilikwenda kwa nguruwe wa jirani, trei zote thelathini. Ermine alikuwa ameianza usiku wa Jumapili, baada ya kanisa.

Ermine akanyoosha kiganja. "Funguo, Gollop."

"Lakini leseni yako…"

"Ninayo tangu kabla sijakujua wewe."

Tangu siku hiyo anaendesha Ermine. Hufunga madirisha, huwasha kiyoyozi mpaka mwisho, huimba tenzi sauti ya pili bila ya kwanza, na magari hayajipangi nyuma yake. Jumanne na Ijumaa anapeleka mikate Saint Lucy, na wenye maduka kule wamemwongezea oda. Anarudi na nusu ya chaji, au zaidi. Ukimuuliza ni asilimia ngapi hajui.

Gollop alikabidhiwa sururu. Kwa siku tatu alivunja kile kibyongo cha zege na kukisawazisha upya, juani, na kila aliyepita alielezwa kwamba teknolojia kubwa haiji mpaka itayarishiwe njia. Watu walisema ni kweli, wakaenda zao. Sasa anaosha trei. Lazima isemwe kwamba anaziosha vizuri sana. Ermine mwenyewe amesema hivyo, mbele ya watu, na siku hiyo Gollop hakwenda baa.

Mwezi wa nane Vere alikuja nyumbani kwao Jumamosi, amevaa viatu. Lori lake limemchosha, alisema. Anafikiria kuliuza atafute gari la umeme, la mtumba, na angependa ushauri wa mtu anayeyajua. Gollop alikuwa uani anasugua trei. Aliposikia hivyo aliiweka chini, akajifuta mikono, akavuta viti viwili, akakohoa kidogo na kuanza na historia ya betri tangu mwanzo wake.

Vere alisikiliza kwa adabu mpaka Gollop alipovuta pumzi.

"Asante, bwana," alisema. "Mama Ermine anarudi saa ngapi?"