Neno Linalowakaba Wanafunzi wa Bu Ning

Saa mbili asubuhi, Bu Murtiningsih anainua pasi yenye waya uliochubuka na kumuuliza Wartini, kwa Kiingereza, kama anaweza kuitumia.

"Yes, madam," anajibu Wartini, macho chini, tabasamu usoni.

"Haya, umeshakufa. Nani atapika wali wa hitima yako?" Darasa linaangua kicheko.

Kwa miaka kumi na moja, katika chumba hiki mjini Ponorogo, kisiwani Java nchini Indonesia, Bu Ning, yaani Mama Ning, kama wanavyomwita, amewafundisha Kiingereza wanawake wanaokwenda Singapore kufanya kazi za nyumbani. Maneno ni mia mbili tu: jiko, dawa, mtoto, kesho. Hayo wanayameza upesi. Linalowakaba ni dogo kuliko yote: "no".

Binti wa Kijawa hamkatalii mkubwa. Huitikia kwanza "inggih", ile ndiyo ya heshima. Kama hakuelewa, atajijua mwenyewe.

"Mimi nilipofika Singapore niliulizwa kama najua jiko la gesi," anasimulia Bu Ning, akipandisha mkono wa blauzi. Kovu linafika kiwikoni. "Nikasema yes. Kwetu tulipikia kuni."

Wartini ameshafeli usaili mara mbili kwa kuitikia kila kitu. Leo ni mara ya tatu, na akikosa, wakala anayewatafutia kazi atamfuta kwenye orodha.

Saa nne, mwajiri anatokea kwenye skrini. Anaishi ghorofa ya kumi na mbili. Anauliza kama Wartini ataweza kusafisha madirisha kwa nje.

Wartini anamtazama mwalimu wake. Bu Ning, roho mkononi, anatazama dari.

"No, madam," anasema Wartini. "Sorry, madam. Kwa ndani, yes."



"Aliyekutangulia alisema anaweza," anasema mwajiri. "Nilimkuta amesimama ukingoni, nje. Wewe njoo."

Wartini analia waziwazi. Wenzake bado wanamkumbatia pale mkuu wa chuo anapochungulia mlangoni.

"Bu Ning, utatushikia na darasa la jioni, sivyo?"

Jioni Bu Ning humlisha mama yake, ambaye hawezi tena kushika kijiko.

"Inggih, Pak," anajibu.

Mkuu anaondoka. Wanawake kumi na saba wanamgeukia mwalimu wao, na hakuna anayecheka.

"Kesho nitamrudia," anasema Bu Ning, akikunja waya wa pasi. "Nitamwambia kwa Kiingereza. Kwa Kijawa sitaweza."