Filimbi Iliyokatwa

Kinanda cha kwanza cha misheni yetu pale Muheto kilikuwa kizee na kilikohoa, lakini sauti yake ilitukaa kooni. Sisi wanawake wa kwaya tuliimba bila kukunja uso. Mume wangu, aliyetengeneza filimbi za mianzi, alizipima zote kwa kinanda kile.

Katika miaka ya hamsini kikaletwa kipya kutoka Ulaya. Jumapili ya kwanza tulipiga kelele kama kuku waliokanyagwa. Padri akacheka, akatueleza kwamba huko kwao watengenezaji wa vinanda wamekuwa wakipandisha sauti kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, ili muziki ung'ae. Nilikasirika. Nani alituuliza sisi? Mume wangu hakubishana. Alichukua kisu akafupisha filimbi za kanisa moja moja ili sauti zipande, na zilizopasuka akazitengeneza upya.

Moja tu hakuigusa. Ilikuwa ya marehemu baba yake, mwindaji wa Ntoto, kule Walikale, na ilining'inia juu ya kitanda cha mama mkwe wangu. Kwao, mtu akifa filimbi yake hunyamaza mpaka siku ya kumzika mjane wake. Siku hiyo hupigwa, ili mjane ajue ni nani amekuja kumpokea.

Wakati wa mvua mama mkwe akaugua mapafu. Hali ilipozidi, mume wangu akaanza kuhangaika: misa itakuwa kanisani, kinanda kitapigwa, na sauti ya filimbi ya baba iko chini ya kinanda. Vitagombana juu ya jeneza.

"Papa, usiikate," nilimwambia mume wangu. "Padri anyamazishe kinanda yake."

"Utamuambia wewe? Mama yangu hawezi kuenda na fujo."

Akaikata, upana wa kidole. Aliifanya kazi hiyo kwa upendo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kisha, ingawa siku ya kuipiga ilikuwa haijafika, akaketi uani akaijaribu polepole, kwa wimbo ambao baba yake aliupiga kila alipotoka kwenye mitego.

Ndani, mama mkwe akafumbua macho, akanishika mkono.

"Ni nani anapiga ile?"

"Njo filimbi ya papa, mama. Ya bwana yako."

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani sana aniamini.

"Hapana," akasema. "Huyu simujui."

Mume wangu alikuwa amefika mlangoni, akasikia. Jioni nzima alihangaika kukirudisha kile kipande kwa nta, lakini pumzi ilivuja kwenye kiungo na filimbi ikatoa mluzi tu. Akaibandua nta. Mama mkwe hakuuliza tena, na wiki haikuisha akatutoka.

Kanisani filimbi na kinanda vilikubaliana kabisa. Padri alimshika mume wangu bega, akamsifu mbele ya watu. Mume wangu alilia, na watu wakadhani anamlilia mama yake tu. Mimi nililitazama jeneza, nikijua kwamba aliyelala mle anaitwa na mtu asiyemjua.