Taa Zilizokataa Kuzimika

Mama Simu hakupewa kiti cha opereta wa simu kwa huruma. Aliingia bohari ya dawa akiwa mfagiaji, akajifunza kuunganisha simu kwa kusimama nyuma ya opereta wa zamani, ufagio mkononi. Opereta alipostaafu, hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi. Tangu hapo chumba kile kidogo chini ya ngazi kikawa chake. Alikipiga deki mwenyewe. Ukiingia na viatu vya matope alikurudisha mlangoni, uwe karani, uwe nani.

Sasa kiti kilikuwa kinamponyoka.

Mambo yaliharibika tangu swichibodi ya zamani, bodi ya kuunganishia simu, ing'olewe na mpya kufungwa. Matawi ya bohari yalituma maagizo ya dawa kwa modemu, visanduku vya kupitisha maandishi kwenye laini ya simu, vilivyopangwa kwenye rafu nyuma ya mgongo wake. Tawi likipiga, modemu inanyanyua simu, zinakwaruzana huko zinavyojua zenyewe, agizo likiisha kila upande unaweka simu chini na taa ya laini inazimika. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kwa bodi hii mpya, taa ziling'ang'ania. Tawi limeshaondoka zamani, modemu bado imeshikilia simu kama mgeni asiyejua kuaga, na laini ya nje imefungwa naye humo humo. Anayepiga kutoka nje anaambiwa simu inatumika.

Meneja alikuwa na maelezo yake. Bodi ni mpya, alisema; kilichochakaa ni opereta. Akatamka mbele ya makarani wote kwamba mama huyu anashika laini akipiga soga na mashoga zake. Fundi aliitwa, akakuta taa zote zimezimika, akaondoka akisema hakuna kasoro. Akaitwa tena, yakawa yale yale. Basi meneja akatoa neno la mwisho: fundi akija leo asione kitu, Mama Simu ahamie stoo akapange maboksi matupu.

Asubuhi hiyo wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa akipika chai ya ofisi, aliingia na kikombe. Akamkuta Mama Simu ameinama nyuma ya rafu, anachomoa waya wa simu kwenye modemu na kuuchomeka tena. Taa moja ikazimika.

"Wifi, unatafuta nini huko chini? Umeangusha jino?"

"Nasafisha. Fundi anakuja."

"Unasafisha nini?"

"Hizi taa. Zikikwama nachomoa waya na kuchomeka, zinaachia. Au unataka mgeni aikute bodi yangu imeziba kama choo cha stendi?"

Wifi aliweka kikombe chini taratibu. "Na zile siku nyingine alizokuja, ulimsafishia pia?"

"Kila siku. Mimi sikulelewa kupokea watu kwenye uchafu."

"Kaka yangu maskini, alidhani ameoa mke, kumbe ameoa kiburi kimevaa kanga. Mgonjwa unamwogesha, unampaka mafuta, unamvalisha shati safi, halafu unashangaa daktari akisema ni mzima?"

Mama Simu alibaki na waya mkononi. Akauacha waya wa pili ulivyo, akarudi kitini, akaikalia mikono yake.

Tawi moja likapiga, likaondoka, taa ikabaki. Likapiga jingine. Taa nyekundu zikajipanga moja baada ya moja, na kila iliyowaka ilimchoma kama upele usioruhusiwa kukunwa. Fundi hajafika. Laini ya nje ya mwisho ikafungwa.

Simu ya ndani ikalia.

"Nipe laini ya nje," akasema meneja.

"Hakuna, bwana meneja."

"Hakuna vipi? Siku zote nikiomba unanipatia."

"Siku zote nilikuwa nakosea. Zimekwama. Naziacha hivyo hivyo fundi azione."

Simu ikabwagwa. Kisha viatu vikasikika ngazini, juu ya kichwa chake kabisa, na mlango ukajaa meneja.

"Mama, unanikomoa?"

"Sikukomoi."

"Zifungue sasa hivi, au nyanyuka kwenye kiti."

Waya ulikuwa karibu, mkono ungeufikia bila hata kugeuka. Avute mara moja tu, kelele ziishe, na fundi asione kitu. Akanyanyuka, lakini hakwenda mlangoni. Alikwenda kusimama mbele ya rafu, mgongo umezifunika modemu zote.

"Kama ni kutoka, nitatoka taa zikiwaka," akasema.

Meneja akapiga hatua moja ndani. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Nyuma yake mtu akakohoa.

"Samahani jamani, naomba njia," akasema fundi, mkoba begani.

Akaitazama bodi, akapiga mluzi. Hakuuliza kitu. Alichomeka simu yake ndogo ya kupimia kwenye laini ya modemu iliyokwama, akasikiliza, kisha akampa meneja asikilize.

"Unasikia nini, bosi?"

"Tuu, tuu, tuu. Simu inatumika."

"Basi. Tawi likikata simu, bodi hii inampigia modemu mlio huo. Wewe na mimi tukiusikia tunaweka simu chini. Modemu zenu haziuelewi. Bodi ya zamani ilikuwa inakata umeme wa laini kidogo, na modemu ikiona umeme umekatika ndiyo inajua mwenzake kaondoka. Hii mpya haikupangwa ifanye hivyo." Akamgeukia Mama Simu. "Mama, hukuwahi kuniachia hata laini moja mbovu."

"Sasa nimekuachia zote," akajibu, hacheki.

Fundi alibonyeza-bonyeza kwenye bodi, akaipanga ikate umeme kama ile ya zamani, akaachia laini zilizokwama, akamwomba Mama Simu aambie tawi lipige na kukata katikati ya kazi. Taa ikawaka. Modemu ikakwaruza, ikanyamaza. Taa ikabaki pale pale, nyekundu, na Mama Simu akajiona ameshafika stoo. Halafu ikazimika yenyewe.

Meneja alikohoa. "Haya. Endelea na kazi, Mama."

Laini zilikuwa wazi, na bodi yote ikaanza kulia. Mama Simu alisimama kando ya kiti, mikono imefungwa kifuani.

"Yale uliyasema mbele ya makarani, bwana meneja. Na haya yaseme mbele yao."

"Mama, simu zinalia."

"Nazisikia."

Zililia. Meneja aliitazama bodi, akamtazama yeye, akageuka kuwaita makarani. Wakajazana kwenye korido.

"Laini hazikushikwa na Mama Simu," akasema kwa sauti kavu. "Ni mpangilio wa bodi."

"Na soga?" akauliza Mama Simu.

"Na soga hakupiga."

"Alipiga kidogo," wifi akasema kutoka nyuma, "ila na mimi tu, na hatukutumia simu."

Mama Simu akakaa, akavuta kiti mbele, akanyanyua simu. "Bohari ya dawa. Nikusaidie nini?"