Matembezi ya Sidab

Binti yangu ndiye aliyenipeleka Meksiko. Alisema nimezeeka nikitazama Matrah na Ruwi za hapa Maskati tu. Basi tukazunguka kusini ya nchi ile mpaka tukafika Campeche, mji wa kale ambao Wahispania waliuzungushia ukuta, wenye mizinga juu na lango linalotazama bahari. Nilijihisi niko Maskati ya utotoni mwangu, ilipokuwa na ukuta wake na ngome mbili za Wareno juu ya bandari.

Kesho yake tukaenda ufukweni, Seybaplaya. Karibu yetu mama mmoja alimkalisha mwanawe mchangani, akamwambia maneno, akaondoka.

"Kamwambia nini?" nikamuuliza binti yangu.

"Anarudi sasa hivi."

Mtoto akaendelea kuchimba mchanga wake. Mimi sikumwondolea macho mpaka nilipomwona yule mama anarudi na chupa ya maji. Usinicheke, rafiki yangu, ngoja nikuhadithie.

Tuliingia Maskati kutoka Unguja baada ya mwaka sitini na nne: mimi, mama, na bibi mzaa mama. Baba alikwisha fariki. Tulipanga chumba na ua ndani ya ukuta. Usiku mzinga ukilia, lango la mji hufungwa, na anayetembea lazima abebe fanusi. Alfajiri mama hukaanga vitumbua vya kuuza, mimi napepea makaa huku macho yananiwasha kwa moshi. Mpaka leo nikinusa iliki naona vidole vyake.

Mama aliniahidi kunipeleka Sidab, ufuko ulio nyuma ya majabali. "Hifadhi juzuu amma ya Kurani kwanza," alisema. Nikahifadhi. Mwalimu wa chuoni alishangaa kitoto kilichokuwa kizito vile kimepata wapi mbio.

Tukaenda kwa punda, na pilau, na jodari wa kukaanga. Sijapata kufurahi vile. Mama aliingia majini na nguo zake, akaniogesha, kisha akanikalisha mapajani akanisuka. Alisuka, akafumua, akasuka tena. Nilidhani hakupendezwa na mstari.

Halafu akasimama. "Nnakwenda kuosha masufuria nyuma ya jabali. Kaa hapo kwa bibi, ntarudi sasa hivi."

Nikakaa. Jua likahamia upande wa pili wa mkeka. Hapo nikageuka, nikaona masufuria yote yako nyuma yetu, wali umeganda.

"Bibi, mbona masufuria haya hapa?"

Bibi hakunitazama. "Kachukua jingine," alisema.

Nilikimbia nyuma ya jabali. Palikuwa na maji tu, na alama ya hori, mtumbwi mdogo, lililoburutwa mchangani. Nikaita mpaka sauti ikanikauka. Bibi alinifuata, akanifunika kwa kanga yake, akanirudisha nyumbani juu ya punda. Njia nzima alisema mama atakuja kesho.

Jirani yetu ndiye aliyenifumbua macho, naye hakukusudia. Alikuja kuomba chumvi, akaniuliza, "Mama keshafika Kuweti?" Alidhani najua. Kumbe mama aliolewa, na mumewe hakutaka mtoto wa mwanamume mwengine. Jirani alijua. Mwalimu alijua. Hata mwenye punda alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekwenda matembezi.

Bibi nilimpenda, kwani ningempenda nani tena? Lakini tangu siku ile akiniambia anakwenda sokoni, nilimfuata mpaka mlangoni kutazama kama kweli kabeba kikapu.

Mwaka wa sabini, nchi ilipopata sultani mpya ikafunguka, mama alirudi na watoto wawili wadogo na sanduku la nguo alizoninunulia, zote ndogo kwangu. Nikambusu mkono kama mgeni.

"Hunijui, mwanangu?"

"Nnakujua."

"Ilikuwa kwa kheri yako," alisema, na bibi akaitikia kwa kichwa.

Siku hizi Sidab ina lami, gari hufika kwa dakika chache. Punda hakuna, ukuta umebaki vipande, na fanusi watoto wanaziona makumbushoni. Bibi kafa, mama kafuatia, nimewaosha wote wawili kwa mikono yangu. Walinilea, wakaniozesha, wakanivisha dhahabu. Miaka yote hiyo nilingoja mmoja wao aniambie, "Tulikudanganya." Hata siku ya mwisho mama alinishika mkono, nikainama nimsikilize. Aliomba maji tu.